Siku Umeme Ulipokatazwa Kurudi Nyuma

Damon Hartigan alipoingia chumba cha chai kuuliza kwa nini umeme unarudi nyuma, Glenys Tarrant alikuwa na pai ya nyama mkononi na mdomo umejaa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kila mtu kwenye maabara ile ya hospitali pale Perth alijua kwamba Glenys akishika pai yake ya saa nne hasemeshwi mpaka aimalize, na hata akiimaliza ni vizuri kumsoma uso kwanza. Wenzake walimwita Bi Shoti. Walimwita hivyo mbele yake, naye hakujali, maana lilikuwa kweli: ukimgusa vibaya ulirushwa.

"Samahani nakukatiza," Damon alisema, na tayari alikuwa amevuta kiti. "Nilikuwa naangalia mkondo wa umeme kwenye kile kichombo chako. Unakwenda mbele, sawa. Halafu unageuka, unarudi nyuma. Halafu mbele tena. Muda wote hivyohivyo. Tatizo nini?"

"Hakuna tatizo."

"Sasa mbona unarudi?"

"Unaisafisha platinamu."

"Lakini si tunapoteza muda, Glenys? Kila ukirudi nyuma kazi imesimama. Na hiyo florini yako haitusubiri."

Glenys aliiweka pai mezani. Thuy Lam, aliyefanya naye kazi miaka mingi na aliyekaa meza ileile, alikivuta kikombe chake cha kahawa karibu na kifua kama mtu aliyeona wingu.

"Florini yangu," Glenys alisema. "Hivi wewe ulitokea wapi? Kwenye mtindi, sivyo?"

Damon alikuwa ametoka kiwanda cha maziwa. Aliletwa kuwa meneja wa ubora, akaja na mashati yaliyopigwa pasi na tabia ya kuuliza maswali ambayo watu walikuwa wamechoka kuyauliza. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu Glenys asingekubali lisemwe popote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kongosho lisilojua kupumzika. Linamwaga insulini mchana na usiku, sukari ya mtoto inaanguka, anapata degedege, na ubongo unaumia. Wakati mwingine kongosho lote ni bovu. Wakati mwingine ni doa moja tu, na sehemu nyingine zote ni nzima. Daktari wa upasuaji akijua doa lilipo, anakata hapo tu na mtoto amepona. Asipojua, na hali ya mtoto ikiwa haingoji, anaondoa karibu kongosho lote, na mtoto aliyekuwa anakufa kwa sukari kidogo anaanza maisha ya sukari nyingi, sindano mpaka uzeeni. Kulijua doa kunataka dawa ya picha, dopa iliyotiwa florini yenye mionzi. Doa lile linaifakamia dopa hiyo, nalo linawaka kwenye skrini.

Tabu ni kuitia hiyo florini. Dopa ina pete ya kaboni, na pete ile imeshiba elektroni. Florini nayo inakuja imeshiba elektroni. Wawili hao hawapokeani hata kidogo. Watu wamehangaika nao kwa gesi kali zinazokula chuma, na kwa njia ndefu zenye hatua nyingi, huku mionzi inafifia, maana hazipiti saa mbili kabla nusu ya florini hiyo haijakwisha. Huwezi kuiagiza kutoka Melbourne. Ikifika Perth yamebaki makombo. Glenys alishika njia nyingine. Alitumbukiza vipande viwili vya platinamu kwenye kichombo kisichozidi kikombe cha kahawa, akapitisha umeme. Umeme unaipokonya pete elektroni zake, pete inabaki na njaa, na florini iliyokuwa inafukuzwa mlangoni inakaribishwa ndani.

Ila pete zenye njaa haziishii kwenye florini. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinajenga ukoko mweusi juu ya platinamu, na umeme unakwama. Dawa ya ukoko ni kuugeuza umeme kidogo, ukoko ubanduke, kisha kazi iendelee. Hilo ndilo Damon aliloliona na kuliita tatizo.

Glenys hakuanza kuujua umeme wa namna hiyo chuoni. Alizaliwa Kalgoorlie, kwenye vumbi jekundu, na baba yake alifanya kazi kwenye chumba cha dhahabu, kule ambako maji ya mgodi hupitishwa umeme mpaka dhahabu ikaganda kwenye nyuzi za chuma. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na kofi jepesi. Binti alichukua kwake mapenzi ya umeme na hasira pia, akaja navyo Perth, akasoma. Darasani alikuwa mwanamke peke yake, na mwalimu mmoja alimwambia kwamba mikono yake ingefaa zaidi kwenye keki. Alipandwa na mori, akamaliza wa kwanza. Baadaye, wakubwa walipomwambia kwamba umeme ni wa kuchovya bampa za magari na si wa kutengeneza dawa za watoto wachanga, alikasirika tena, na hasira hiyo ilimchukua miaka na miaka, kichombo kimoja baada ya kingine, mpaka kibali maalumu kikatoka. Mumewe Ken alikuwa ameshaondoka kitambo. Aliondoka akisema hakuoa mke, alioa mtungi wa gesi unaovuja.

Mtoto wa kwanza kupigwa picha kwa dawa ile alikuwa msichana kutoka Bunbury. Doa lilionekana, daktari akakata kipande kama haragwe, na msichana yule siku hizi anakimbiza kuku wa bibi yake. Siku majibu yalipokuja Glenys alijifungia chooni akalia. Alipotoka alimfokea mtu aliyeacha friji wazi.

Kwa hiyo mumwelewe. Maisha yake yote hasira ilikuwa imemlipa. Hajawahi kukasirika akapata hasara.

"Nimejaribu Jumatatu," Damon aliendelea, kwa sauti ya upole iliyomuudhi Glenys kuliko kelele. "Florini ya kawaida, bila mionzi. Nimeondoa kule kurudi nyuma. Mavuno yamepanda."

"Umejaribu kwa muda gani?"

"Wa kutosha."

"Dopa kiasi gani?"

Damon alitaja. Glenys alicheka, na Thuy aliinamisha kichwa.

"Hiyo si dopa, hiyo ni supu ya wagonjwa! We bwana una kichwa au una kopo la mtindi juu ya mabega? Ukoko hauji na dopa ya kuonjeshea, unakuja ukiweka dozi kamili, we unakuja hapa na shati lako la Jumapili unaniambia mimi, mimi, nimeanza kazi hii wewe unakojoa kitandani..."

Thuy alisema baadaye kwamba katika yale yote kulikuwa na sentensi moja ya maana, na ilipita katikati ya matusi mawili, hakuna aliyeisikia. Damon alisikia mtindi, alisikia shati, na alisikia kukojoa kitandani. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Alhamisi," alisema, akisimama. "Tutaendesha na mionzi, dozi kamili, bila mgonjwa. Majaribio tu. Ikifeli nitairudisha mwenyewe programu yako ya kugeuza umeme na nitakuomba radhi hapa hapa, mbele ya watu. Mpaka hapo nimeifunga."

"Umeifunga?"

"Kwa neno langu la siri. Ndiyo kazi niliyoletewa."

Chumba chote kilingoja mlipuko. Haukuja. Glenys aliichukua pai yake, akaing'ata polepole, akatafuna, akameza.

"Haya," alisema. "Endesha."

Thuy aliijua ile "haya" yake. Jioni alimfuata mpaka kwenye maegesho ya magari.

"Glenys, usifanye hivyo."

"Nifanye nini?"

"Hicho unachotaka kufanya. Nakujua mie."

"Najisikia homa, mwenzangu."

"Leo Jumatano. Homa ya kesho umeijuaje?"

"Inakuja. Naisikia kwenye mifupa."

Kwetu huku upo ugonjwa unaopiga hodi kwa simu. Unakuja asubuhi, hasa siku za jua zuri au siku ya mechi, unamwambia bosi huwezi, bosi anasema pole, na kesho umepona. Hakuna asiyewahi kuumwa hivyo, na hakuna anayeuliza. Kuuliza ni utovu wa adabu. Glenys peke yake hakuwahi kuuchukua. Aliwadharau waliouchukua. Lakini jioni ile aliufungulia mlango kwa mikono miwili.

"Kaa basi umsimamie," Thuy alisema. "Ukoko ukianza, utamwonyesha kwa kidole."

"Nimwonyeshe? Aone mwenyewe! Nataka asimame pale mbele ya dirisha la mtambo, peke yake, na mashati yake, aone platinamu inageuka makaa. Nikiwepo atasema nimemharibia."

"Na wakituletea mtoto?"

"Mtoto yupi? Yule wa Carnarvon kapangiwa picha Jumanne. Mpaka Jumanne bwana mkubwa atakuwa ameshatahayari, programu yangu imerudi, na tutakuwa tumesahau."

Thuy akaenda kwenye gari lake. Ukimbembeleza Glenys sana unamtia kuni.

Alhamisi asubuhi Glenys alituma ujumbe wa maneno mawili, akaizima simu, akaitupa kwenye droo ya vijiko. Kisha alitoka uani kwenye bamba lake la kuchomea nyama, lililokuwa na mafuta yaliyoungua tangu Krismasi, akaanza kulisugua. Redio ilikuwa inatangaza kriketi. Jua lilikuwa la kupendeza. Alisugua na kila aliposugua alimwona Damon: Damon anainama dirishani, Damon anakunja uso, Damon anashusha mabega, Damon anakuja na vile viatu vyake kusema nisamehe Glenys. Alimjibu kwa sauti, maneno makali, akayarekebisha yakawa makali zaidi. Mchana alikula soseji ndani ya mkate na vitunguu, akalala kidogo kwenye kiti. Ilikuwa siku nzuri. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alifurahi.

Ijumaa alipita kununua pai, akaingia maabara anachekelea.

"Enhe! Mtindi umeganda?"

Thuy alikuwa amesimama mbele ya kasha lile kubwa lenye kuta za madini ya risasi ya kuzuia mionzi, ambamo kichombo hufanyia kazi, na alikuwa bado na mkoba begani. Macho yalikuwa yamevimba. Hakugeuka.

"Walituletea mtoto," alisema.

"Nani?"

"Luka. Wa Carnarvon. Ule mpira wa kifuani anaopitishiwa sukari uliingia vijidudu Jumatano jioni, ikabidi wautoe. Sukari ikawa haikamatiki. Madaktari wakaja jana asubuhi: picha leo, la sivyo basi, hatuwezi kumngoja mpaka Jumanne. Na florini ilikuwa inapikwa tayari kwa majaribio ya Damon. Ikawa ya Luka."

Glenys hakuiona pai ilipoangukia.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nilikupigia mpaka simu ikanichoka!" Sasa Thuy aligeuka, na Glenys aliona kwamba yule mpole wa miaka yote alikuwa amepandwa na hasira. "Nilikupigia, nikakuandikia, nikamtuma dereva kwako akabisha hodi mlango wa mbele. Ulikuwa wapi?"

"Uani. Redio..." Glenys alidakia jambo jingine. "Ungeugeuza umeme!"

"Kwa neno gani la siri? La kwako hukunipa hata siku moja, eti usije ukaguswa mtambo wako. La kwake hakunipa, kwa sababu siku ya mgonjwa programu haibadilishwi, na hiyo ni sheria kweli. Nilimsihi, Glenys. Nilimwambia, Glenys kasema kutakuja ukoko. Unajua alinijibu nini? Glenys anasema mambo mengi."

Glenys alikwenda kwenye dirisha nene la kasha. Kichombo kilikuwa pale kilipo kila siku, na ndani yake platinamu ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria.

"Mkondo ulianza kushuka mapema tu," Thuy alisema nyuma yake. "Ukashuka, ukashuka. Nilichopata mwisho hakimpigi picha hata panya. Na kupika florini nyingine, kuikausha, kuanza upya, mtoto asingefika."

"Yuko wapi?"

"Kaingizwa chumba cha upasuaji asubuhi hii."

"Watakata..."

"Karibu lote. Hawana la kufanya. Hawajui lilipo."

Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, ndivyo tunavyosema na kucheka. Hapa hakuna mvuvi aliyefurahi.

Glenys alipanda ngazi mpaka ofisi ya Damon akiwa na maneno yake yote ya jana, yale aliyoyanoa uani. Aliufungua mlango bila kubisha. Damon alikuwa amekaa na mikono mitupu juu ya meza, shati ni lilelile la jana, limekunjamana.

"Jaribio langu lilikuwa dogo mno," alisema kabla hajasemeshwa. "Nimeshaliona. Usiku kucha nimeliona."

"Mtoto wa watu!" Glenys alipiga kelele. "Mtoto wa watu, we mpumbavu, nilikwambia!"

"Ulinitukana," Damon alisema. "Sikumbuki uliniambia nini." Kisha alimwangalia. "Homa imeshuka?"

Glenys aliushika mlango, akaufunga nyuma yake.

"Sikuulizi," Damon alisema taratibu. "Nisikilize. Uchunguzi ukija, kifaa kilifeli. Vifaa vinafeli. Programu yako inarudi leo, na haitaguswa tena. Mimi sitauliza ulikuwa wapi jana, na wewe hutauliza nani aliifunga."

Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Alisimama pale akimchukia mtu yule, na mashati yake, na mikono yake mitupu, na akajichukia mwenyewe zaidi, kisha akatoka bila kusema kitu. Wote wawili walijua kwamba hiyo ilikuwa ndiyo.

Wiki iliyofuata daktari wa upasuaji, mama mmoja mrefu mwenye usingizi machoni siku zote, alikutana na Glenys na Thuy kwenye lifti. Hakuja kulaumu. Alidhani wangependa kujua. Kongosho lilikuwa limechunguzwa kwa darubini.

"Doa moja," alisema. "Kule mwishoni, mkiani mwake. Kama njegere hivi. Sehemu nyingine zote zilikuwa nzima kabisa." Mlango ukafunguka, akashuka.

Tangu hapo Glenys aliacha kufoka, na watu waliogopa zaidi. Alimpa Thuy neno lake la siri, bila maelezo. Pai alinunua, akaiacha ikapoa. Damon akiingia chumba cha chai, yeye alitoka. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, lakini ilikuwa imekosa pa kwenda, maana kila akiipeleka kwa Damon ilikuwa lazima ipite kwake mwenyewe kwanza.

Danica Vuletich, mama yake Luka, alikuja miezi michache baadaye. Alikuwa amemleta mtoto kliniki, safari nzima kutoka Carnarvon, na aliomba mwenyewe awaone watu wa maabara. Damon akaona ni jambo zuri. Akawaita watu wote kwenye chai ya saa nne, kila mtu na sahani yake ya kuchangia, na akaja mtu wa kupiga picha kwa ajili ya jarida la hospitali. Danica alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya kazi, ngozi imeungua na jua la shambani. Alileta keki kubwa ya ndizi, ndizi za migomba yao. Luka alikaa pajani kwake, mnene, macheko tupu, anakamata kila kinachong'aa.

"Nilitaka tu kuwaona," Danica alisema, na aliona haya kidogo. "Siku ile niliambiwa kuna watu huku chini wanahangaika kwa ajili ya mwanangu. Haikufaulu, sawa. Lakini mlihangaika. Si wote wanaopata watu wa kuwahangaikia."

"Sisi ndio wa kushukuru," Damon alisema. Sauti yake haikuwa imara, lakini ilifika. "Kifaa kilitukatalia siku ile. Ilikuwa bahati mbaya sana. Inatuuma sote."

"Usijali," Danica alimwambia, kama anayembembeleza yeye. "Sisi wakulima tunajua. Kimbunga kikija kikalaza migomba yote, unamlaumu nani?"

Alichukua kisu, akakata keki, na kipande cha kwanza alimpa Glenys, aliyekuwa amesimama ukutani karibu na friji.

Glenys alikishika kile kipande. Kilikuwa bado na joto la gari.

"Hakikuwa kimbunga," alisema.

"Glenys," Thuy alisema polepole.

"Hakikuwa kimbunga, na kifaa hakikufeli!" Ilikuwa imerudi, ile hasira yake ya zamani, safi, yenye nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipumua mpaka ndani. "Kifaa kilikuwa kinajua kujisafisha, huyu bwana akakizuia. Huyu hapa. Alijaribu kwa tone la dopa akadhani amegundua jambo, akaifunga programu, akakataa kuifungua mtoto akiwa juu kitandani anangoja. Anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Doa lilikuwa moja, mama. Kama njegere. Lingeonekana. Lingekatwa hilo tu, na mwanao asingejua sindano maishani. Mtu asikwambie bahati!"

Mpiga picha alishusha kamera yake. Damon alikuwa amepauka uso, lakini Danica hakumwangalia Damon. Alikuwa anamwangalia Glenys, na kile kisu kilikuwa bado mkononi.

"Kifaa hicho ni nani alikitengeneza?"

"Mimi."

"Kwa hiyo ulijua kitakwama."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Na Alhamisi ulikuwa wapi?"

Kila mtu chumbani mle alikuwa amewahi kuumwa kwa simu, na kila mtu aliangalia sahani yake. Damon angeweza kujibu. Ulikuwa wakati wake, na wala asingelaumiwa. Aliangalia sakafu, akatimiza sehemu yake ya mapatano.

"Nyumbani," Glenys alisema.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa nimekasirika."

"Umekasirika," Danica alisema.

Hakupaza sauti. Alikiweka kisu mezani. Luka alikuwa ameanza kunung'unika, anatafuna ngumi, ameshikwa na njaa. Danica alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya maziwa, akatoa na kile kikasha cha kupimia sukari, akaisogeza keki pembeni kwa kiwiko apate nafasi.

"Njoo hapa," alimwambia Glenys. "Mshike mguu."

Glenys alikiacha kipande cha keki juu ya friji, akaja, akapiga magoti kwenye zulia la chumba cha chai. Danica alivua soksi. Kisigino kilikuwa na vitundu vidogovidogo, vilivyopona na ambavyo bado. Glenys aliuzungushia mkono mguu ule. Ulikuwa wa moto na laini, na Luka, alipoona uso mpya karibu yake, alimchekea.

"Mshike kwa nguvu," Danica alisema, akitayarisha sindano. "Akirusha mguu nitamchoma mara mbili."

Glenys alikaza mkono. Danica alichoma. Luka alikunja uso, akavuta pumzi ndefu, akalia, na alipokuwa analia hakumwangalia mama yake. Alimwangalia Glenys, maana ndiye aliyekuwa amemshika.